Mwiba wa Mkonge na Jino la Oduor

Oduor alikuwa mkataji wa mkonge katika shamba kubwa nje ya mji wa Voi. Aliamka kabla ya jua. Alikata majani, akayafunga matita, akayabeba hadi pale trekta lilipopita. Jioni alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Alikula, akalala. Mkewe, Jacqueline, hakumuuliza mengi. Aliujua uchovu ule.

Kitu kimoja tu kilimwondolea Oduor uchovu. Jumapili alipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa. Hapo mgongo wake ulinyooka.

Lakini mwaka huu sauti ilianza kukatika.

"Tarumbeta yako inakohoa siku hizi," alisema Mutiso, mpiga ngoma wa bendi. "Si uipeleke hospitali?"

Watu walicheka. Oduor alicheka pia, huku amefumba mdomo.

Tarumbeta haikuwa na shida. Shida ilikuwa jino la mbele, la juu. Zamani aliumia jino hilo akicheza mpira, likafa ndani. Daktari alisafisha mzizi wake, akatia msumari mdogo ndani ya jino, akalivika kofia ngumu. Jino likatulia kwa miaka. Sasa kijipu kilikuwa kimeota kwenye ufizi, juu ya jino lile lile.

Oduor alikuwa na dawa yake. Kila jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano. Wakataji huutumia kutumbua malengelenge ya mikono. Oduor aliuchomeka mwiba mmoja kwenye kofia yake ya kazi. Kijipu kilipojaa, alikitumbua. Usaha ulitoka, maumivu yakaisha.

"Nimepona," alisema kila mara.

Na kila mara kijipu kilirudi.

Jumapili moja alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Shavu lilikuwa limevimba hadi chini ya jicho. Alifika nyumbani, akakaa mlangoni, kichwa mikononi.

"Ling'olewe," alisema mama yake, Ajwang', aliyekuwa akiishi nao. "Nilipokuwa msichana, wazee wetu walinitoa meno sita ya chini. Ilikuwa mila. Umewahi kunisikia nikilia?" Akacheka, pengo likaonekana.

"Mama, wewe hukupuliza tarumbeta."

"Na wewe hukuzaa watoto saba. Nyamaza."

Jacqueline hakucheka. Alikwenda kumwita Dinah, jirani yao aliyekuwa mhudumu wa afya ya jamii. Dinah alikuja bado amevaa nguo za kanisani. Akawasha tochi ya simu, akatazama ufizi.

"Oduor, hapa umetumbua na nini?"

Jacqueline alielekeza kidole kwenye kofia ukutani.

"Mwiba wa mkonge!" Dinah alishika kiuno. "Jirani, unafungua dirisha moshi utoke, kumbe moto uko ndani. Ukitumbua, usaha unapata njia, ndiyo maana huumwi. Lakini ugonjwa uko kwenye ncha ya mzizi. Unakula mfupa polepole. Na mwiba huo unaongeza uchafu."

"Basi nitaenda kesho, baada ya kazi."

"Uso umevimba karibu na jicho, unaniambia kesho? Twende sasa. Uvimbe kama huu unaweza kuzuia hata kumeza na kupumua."

Hospitalini walitibu uvimbe kwanza. Walimpa dawa, wakamwambia azimalize zote hata akijisikia vizuri. Uvimbe uliposhuka, alirudi na Jacqueline kwa daktari wa meno. Jina lake lilikuwa Daktari Tryphena. Alipiga picha ya eksirei, akawaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi.

"Hapa mfupa umeliwa," alisema.

"Ling'oe tu, daktari," alisema Oduor. "Nimechoka."

"Umechoka na jino, au umechoka na kazi?"

"Yote mawili."

"Daktari," alisema Jacqueline, "huyu hupuliza tarumbeta. Mdomo wa tarumbeta hukaa hapo hapo. Jino likitoka, atabaki na mkonge peke yake."

Oduor aliangalia chini. Hakujua kwamba mkewe alikuwa ameliona hilo.

Daktari alivuta kiti karibu.

"Jino lenyewe bado ni imara. Kwa kawaida tungelifungua tusafishe mzizi upya. Lakini kuna msumari. Tukiung'oa, mzizi unaweza kupasuka. Kwa hiyo tutapita kwenye ufizi. Nitakupiga sindano ya ganzi. Nitafungua ufizi kidogo, nitoe uchafu, nikate ncha ya mzizi iliyougua, nizibe pale nilipokata, kisha nishone."

"Ukikata mzizi, jino halitaanguka?"

"Nakata ncha ndogo tu. Sehemu kubwa inabaki imeshikwa na mfupa."

"Nitapona kweli?"

"Wengi hupona. Siwezi kukuahidi. Likikataa, kung'oa bado kupo. Lakini ukiling'oa leo, halirudi."

Oduor aligusa jino kwa ulimi. "Haya," alisema. "Tujaribu."

Siku ya upasuaji alihisi kusukumwa, lakini hakuhisi maumivu. Baadaye alivimba kidogo. Aliweka barafu kwenye shavu. Alisukutua taratibu kwa maji ya chumvi kuanzia siku iliyofuata, kama alivyoelezwa. Ajwang' alimpikia uji.

"Mwanaume mzima nampoozea uji," alinung'unika, huku akiupepea.

Nyuzi zilitolewa, lakini tarumbeta ilibaki kwenye sanduku. Daktari alikuwa amemkataza kupuliza hadi kidonda kipone vizuri. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko upasuaji. Wiki nzima ilikuwa mkonge tu, na Jumapili alikaa kwenye benchi, mikono mitupu.

"Puliza kidogo tu," alisema Mutiso. "Nani atajua?"

"Ufizi utajua," alisema Oduor.

Hatimaye daktari alimruhusu apulize, kidogo kidogo. Miezi ikapita, akapigwa picha nyingine. Kivuli kilikuwa kimepungua sana. Mfupa ulikuwa unajaza pengo lake.

Jumapili iliyofuata alipuliza wimbo wa mwisho hadi mwisho. Sauti haikukatika. Mutiso aliacha kupiga ngoma ili aisikie. Ajwang' aliziba masikio, akitabasamu.

"Kumbe jino moja lina kelele hivi," alisema.

Jumatatu Oduor alirudi kazini. Mkonge ulikuwa ule ule, na mgongo ulimuuma kama kawaida. Alikata miiba, akaiacha chini. Kwenye kofia yake palibaki tundu dogo tu. Alifunga tita la kwanza, akalibeba begani, na njiani alipiga mluzi wimbo wa jana.