Aliyeitikia Jina la Shufaa

Mtoto alisema "Naam," na kila mtu kituoni akatabasamu isipokuwa mama yake.

Eveline wa miaka sita hakuwahi kutamka neno. Ubongo wake ulichelewa tangu kuzaliwa, shingo legelege, miguu haimbebi, alichojaliwa ni kicheko tu. Ukimwita jina lake anageuka, anacheka mpaka kwikwi inamshika, na kwa Verediana, mama yake, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao.

Ila asubuhi ile hakuitwa Eveline. Mkaguzi wa serikali alikuja kituoni Kihesa kuhakikisha ruzuku ya watoto wenye ulemavu inawafikia kweli, anaita jina, anamtazama mtoto. Shufaa, binti wa Ipogolo kule bondeni aliyekuwa akilelewa hapo kituoni, alikuwa amefariki kipindi cha baridi, na msimamizi wa kituo, mwalimu Gerson, hakutoa taarifa; jina likabaki kwenye orodha.

"Ni jina tu, mama Eveline," alimnong'oneza Verediana. "Wakiona pengo wanatukata ruzuku. Na wako bado anasubiri nafasi. Utampeleka wapi?"

Basi Verediana akamkalisha mwanawe kwenye kiti cha Shufaa, kile chenye mikanda. Mkaguzi akaita, "Shufaa?"

"Naam."

Tangu hapo nyumba ikanuka udi, na Verediana ni Mkatoliki, udi hajawahi kununua. Akiita "Eveline, we Eveline," mtoto hageuki. Hacheki. Jioni moja anamlisha uji, mtoto akafunga mdomo, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Mama hajaja?"

"Mama si mimi hapa, jamani?"

"Wewe siyo."

Miaka sita aliomba asikie neno mama, na lilipokuja lilikuwa la mwanamke mwingine.

Akakimbilia kwa maalimu Halfani, mzee wa dua. Maalimu alimshika mtoto paji la uso, akaondoa mkono haraka.

"Huyu si jini wa kufukuzwa, binti yangu. Kaitwa, kaitika. Kwanza nenda kwa mkaguzi, useme ukweli, jina la marehemu liondolewe kwa mwanao. Halafu ndiyo mama wa marehemu amchukue wake. Usianze na mama, jina likiwa bado kwa mwanao. Umenielewa?"

Alielewa. Lakini Gerson, alipoambiwa, alimpigia magoti. "Ukisema wanafunga. Watoto wote hawa wakafungiwe tena vyumbani?" Verediana akawatazama kwenye mikeka yao, mmoja akijifunza kushika kijiko, akashindwa kwenda kwa mkaguzi. Akateremka Ipogolo.

Mwanakhamisi, mama Shufaa, alimsikiliza amesimama mlangoni.

"Mwanangu tumemzika," alisema polepole. "Nani kamwita?"

"Ni mimi niliyekubali aitwe, dada. Nisamehe."

Hakumtukana. Alijitanda kanga, wakapanda mlima pamoja hadi kwa Verediana.

Chumbani udi ulikuwa mzito hadi macho yanachoma, na upepo haukuwepo lakini pazia lilivutwa ndani likagandamana na dirisha kama kuna mtu anapumua nyuma yake, na Eveline, ambaye shingo yake haijawahi kusimama, alikuwa amekaa wima juu ya mkeka, anatazama mlango, anasubiri, na Verediana akataka kupiga kelele, akataka kusema ngoja kwanza, maalimu alisema tusianze hivi, lakini Mwanakhamisi alikuwa ameshapiga magoti, machozi yanamtiririka.

"Shufaa, mama. Twende. Umekaa kwa watu muda mrefu."

Mtoto akatetemeka, akalala chini. Pazia likalegea. Mwanakhamisi akambusu kichwani, akatoka bila kugeuka nyuma.

Udi ukapungua. Verediana akamkumbatia mwanawe, shingo legelege kama zamani, akalia kwa furaha.

"Eveline. Eveline wangu."

Hakugeuka. Amechoka, akajiambia. Akamtekenya nyayo, akaimba ule wimbo wao wa kuogea. Hakucheka.

Simu ikaita.

"Mama Eveline." Ni Mwanakhamisi, anahema, magari ya barabara kuu yanasikika. "Nateremka huku, kuna mtoto yuko nyuma yangu. Nikigeuka simwoni. Anacheka, dada. Anacheka mpaka kwikwi."

"Ni... si Shufaa wako?"

"Shufaa wangu hakuwahi kucheka. Nilimwita Shufaa aje. Mlimpa nani jina hilo?"

Verediana akaangusha simu na kukimbilia mlangoni, analiita jina la mwanawe kuelekea bondeni, analiita mpaka sauti inakauka, na nyuma yake, kwenye mkeka, mtoto akauliza taratibu:

"Mama ameniacha?"