Nepi Zilizokauka Masika

Umeme ulikuwa unaibwa, na aliyekaribia kuulipia kwa roho yake ni mtoto njiti asiyeuzidi uzito mfuko wa kilo moja wa sukari.

Kwa mara ya tatu wiki ile, laini ya wodi ya wazazi ilizidiwa na mashine ya joto ikazimika. Muuguzi alimtoa mtoto haraka, mama yake akambana kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka taa ziliporudi. Safari hii midomo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Daktari akawapigia polisi: mita inakimbia kama inafukuzwa, na anayeifukuza haonekani.

Aliyekuja, na konstebo mmoja nyuma yake, ni Inspekta ambaye kituoni wanamwita Mama Pacha. Fundi umeme wa hospitali alimpokea kwa maneno mengi. Wa kulaumiwa ni dobi wa hospitali, alisema. Pasi zake zinakula umeme kama mchwa. Inspekta akaomba pasi zote zichomolewe. Zikachomolewa. Mita ikaendelea kukimbia.

Nje mvua ilikuwa ya kutwa. Inspekta alipokuwa akipita kwenye korido, akasita. Nepi zilikuwa zimeanikwa ukutani, juu ya tundu la hewa. Akazishika. Kavu, utadhani kiangazi. Yeye aliyelea pacha alijua kwamba masika nepi hukauka kwa dua.

"Ukuta huu una baraka, dada," mama wa njiti alimwambia. "Shida ni fundi tu. Akizikuta anazing'oa, na matusi juu."

"Fundi umeme? Nepi zinamhusu nini?"

Inspekta akaweka kiganja kwenye tundu. Upepo wa moto.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo ya vitanda vibovu. Fundi alipoitwa akaapa kwamba ufunguo ulipotea zamani.

"Zamani," Inspekta alisema, akijifuta vidole. "Na kufuli limepakwa mafuta juzi. Konstebo, vunja."

Mlango ulifunguka na joto likawapiga usoni. Kompyuta za kuchimba sarafu za mtandaoni zilipangwa mpaka darini, feni zikivuma kama mzinga wa nyuki. Humo hamchimbwi kwa jembe. Mashine hushindana kukokotoa hesabu bila kulala, na chakula chake ni umeme. Waya mnene ulitoka hapo moja kwa moja hadi laini ya wodi.

Fundi alijitupa kwenye kitanda kibovu. "Nepi zikiziba tundu, mashine zinaungua," alisema, bila hata kuulizwa.

"Kwa nini hapa?"

"Nyumbani umeme ungemeza faida yote. Hapa ni bure."

"Bure? Yule mtoto alikuwa anakulipia."

Fundi akainama. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Ukweni mashemeji wote ni mabosi. Mimi nikifika naonyeshwa balbu iliyoungua. Nilitaka siku moja nifike na gari, niketi, nikaribishwe kama mtu."

"Ungeibadilisha tu hiyo balbu, ndugu yangu," Inspekta alisema. "Anayewapa watu mwanga si mdogo. Anayewazimia ndiye mdogo."

Pingu zikalia. Konstebo akashusha swichi, feni zikanyamaza, mita ikapunguza mwendo mpaka ikawa inatambaa. Wodini taa zilisimama imara. Dobi akaja na tabasamu na pasi mkononi, kama aliyerudishiwa jina lake.

Kisha njiti akalia. Kilio kinene, cha mwenye njaa, kisicho cha baridi.

"Inspekta, umetuponza," mama yake alisema, akicheka huku akijifuta machozi. "Sasa nepi tutaanika wapi?"

"Acha zilowe, mwanangu. Mwenye nepi sasa ana joto."