Kidonda Ndani ya Raba

Asubuhi za mazoezi Salvina aliamka mapema kuliko mama yake. Alinawa uso, akala ndizi zilizobaki jana, kisha akapita katikati ya kibanja chao, migomba ikimdondoshea umande mabegani, hadi kwenye uwanja wa shule yao huko Nyakasimbi. Wenzake wa kikundi cha matembezi walikuwa wakifika mmoja mmoja, wamejikunyata kwa baridi. Mwalimu Deodatus alipopuliza filimbi, walipanga mstari na kuanza kupanda kilima kilichokuwa nyuma ya shule.

Walikuwa wakijiandaa kwa matembezi ya hisani, kutoka Nyakasimbi hadi Kihanga. Kila mwanafunzi alikuwa na watu walioahidi kutoa mchango endapo angefika mwisho. Michango hiyo ilikuwa ya kumpatia Joviana mguu wa bandia.

Joviana alikuwa rafiki wa Salvina. Waliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Mwaka uliopita alichomwa na kisiki akichuma kahawa. Kidonda kikaoza hadi kwenye mfupa, na madaktari wakalazimika kumkata mguu chini ya goti. Sasa alitembea kwa magongo. Mvua ikinyesha, njia ya kwao iliteleza, naye alishinda nyumbani akitazama wenzake wakipita kwenda shule.

"Nitatembea kwa ajili yako mpaka mwisho," Salvina alimwahidi.

"Usiahidi sana," Joviana alisema huku akitabasamu. "Kihanga si hapo."

Shida ilikuwa viatu. Mwalimu alitaka kila mtu avae raba, na Salvina hakuwa nazo. Alizitoa chini ya kitanda raba za zamani za dada yake, akazivaa ingawa zilimbana. Baada ya mazoezi ya kwanza kisigino kilitoka lengelenge. Lengelenge likapasuka, vumbi jekundu likaingia, soksi ikawa inagandana na nyama. Salvina alikiosha kidonda kwa maji baridi, akakifunga kwa kitambaa, na kesho yake akavaa raba zilezile.

Hakumwambia mtu. Mwalimu Deodatus alikuwa amekwisha kusema, "Atakayeumwa nitamwondoa kwenye kikundi. Sitaki kubeba mtu njiani."

"Mbona unachechemea?" mama yake, Celestina, alimuuliza jioni moja walipokuwa wakianua kahawa.

"Nimechoka tu, mama."

Mama alimtazama miguu. Angeuliza zaidi, lakini mawingu yalikuwa yametanda na kahawa nyingi ilikuwa bado nje.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku chache matembezi yafanyike, Salvina alikwenda kwa kina Joviana. Alimkuta ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, akaketi karibu naye. Punde Joviana aliacha kazi, akainua kichwa kama mtu anayenusa moshi.

"Vua raba," alisema.

"Kwa nini?"

"Vua, Salvina."

Salvina alivua. Kitambaa kilikuwa kimelowa usaha, na uvimbe ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Joviana aligeuza uso.

"Naijua harufu hii," alisema polepole. "Nililala nayo. Mama yako anajua?"

"Hajui. Wala usimwambie. Zimebaki siku chache tu."

"Mimi pia nilisema hivyo. Nilificha ili nisikose mitihani. Nilifikiri nikimaliza tu, nitasema."

"Changu ni kidogo."

"Changu pia kilikuwa kidogo."

Salvina alipandisha sauti. "Nateseka kwa ajili yako! Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi. Na huo mguu utaukosa, ubaki na magongo yako!"

Salvina alivaa raba zake akaondoka bila kuaga.

Jumapili hakwenda kanisani. Alijifunika blanketi akitetemeka, akasema ana mafua. Mtoki ulikuwa umemvimba kwenye kinena, hata kugeuka kitandani kulimuuma. Alitamani kumwita mama. Lakini kila alipofumbua mdomo alimwona Joviana ameketi peke yake kwenye mkeka, akanyamaza.

Jumatatu mvua ilikuwa ikinyesha. Salvina alipanda kilima akiwa wa mwisho mstarini, akiuma meno. Alipokaribia kileleni alianguka kifudifudi kwenye tope. Edgar, mwanafunzi mwenzake, alirudi kumwinua.

"Mwili wake unachoma!" Edgar alipiga kelele. "Mwalimu! Mwalimu!"

"Usimwite," Salvina alimsihi, lakini hakuweza kusimama.

Mwalimu Deodatus alimvua raba. Alikitazama kisigino, na uso wake ukabadilika. Alimpandisha Salvina mgongoni, akaanza kuteremka naye kwenye mvua.

Chini ya kilima walikutana na mama yake anakuja mbio, kanga imelowa. Nyuma yake, mbali kidogo, alikuwa Joviana. Alikuwa amejaa tope hadi kifuani. Alikuwa ameanguka njiani mara kadhaa, lakini alifika kwa kina Salvina na kusema kila kitu.

"Mawe! Mama yangu!" mama alilia kwa Kihaya alipouona mguu. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Salvina alifumba macho asimwone Joviana.

Walimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda. Daktari alikagua kidonda kwa muda mrefu. "Mmechelewa," alimwambia mama. "Tutakisafisha na kumchoma sindano. Ila kama usaha umefika kwenye mfupa, itabidi aende hospitali kubwa. Siwezi kuwaahidi chochote."

Salvina alijua kilichotokea kwa Joviana katika hospitali kubwa. Siku zilizofuata hakula. Kila mara muuguzi Mackrine alipokuja na bakuli la kusafishia, Salvina aliuma shuka. Homa ilishuka ikapanda tena. Aliona ameharibu kila kitu: mguu wake, mguu wa Joviana na urafiki wao.

Siku ya matembezi mama yake alisema anakwenda nyumbani kuangalia kahawa. Mvua ilipiga bati la wodi tangu asubuhi. Salvina aliugeukia ukuta akalia.

"Sogea kidogo nikae," alisikia sauti.

Alikuwa Joviana, ameletwa na shangazi yake. Aliegemeza magongo ukutani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimekukosesha mguu," Salvina alisema bila kugeuka.

"Wangu ulikwisha kukatwa, Salvina. Wako bado upo."

"Unanichukia?"

"Nilikuchukia. Nilipoanguka kwenye lile tope nikakuchukia zaidi," Joviana alisema. "Lakini ningerudi nyumbani, ningeendelea kuinusa ile harufu."

Salvina aligeuka, akamshika mkono. Wakalia wote wawili.

Jioni Mwalimu Deodatus aliingia, nguo zimeganda mwilini. Nyuma yake aliingia mama, miguu imejaa tope jekundu hadi magotini.

"Mama yako ametembea sehemu yako," mwalimu alisema. "Amefika Kihanga."

"Na wengine?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Wengi wamerudi kwa sababu ya mvua. Michango haikutosha." Alimtazama Joviana. "Samahani, mwanangu. Tutatembea tena kiangazi."

Joviana alitikisa kichwa kukubali, lakini midomo yake ilitetemeka.

Salvina alilala wodini siku nyingine nyingi. Hatimaye usaha ulikauka, na daktari akasema mfupa umesalimika. Alitoka akiwa na kovu kubwa kisiginoni na mwendo wa kuchechemea. Joviana aliendelea na magongo msimu wote wa mvua. Kiangazi kilipofika walitembea tena, wazazi wakajiunga, na kina mama wa jumuiya wakaongeza kilichopungua. Joviana akapata mguu wake.

Kabla ya matembezi hayo ya pili, Mwalimu Deodatus aliwaita wanafunzi wote wa kikundi.

"Mara ya kwanza nilisema atakayeumwa nitamwondoa," alisema. "Nilikosea. Niliwafundisha kuficha. Leo nataka kila mmoja avue viatu anionyeshe miguu yake. Mwenye maumivu aseme sasa, hata kama ni madogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Salvina alificha kwa upendo, lakini upendo hauponyi kidonda. Aliyemponya ni yule aliyekubali kuchukiwa ili aseme kweli."

Kisha Edgar akainama, akafungua kamba za kiatu, akanyoosha mguu wake mbele.

"Hapa, mwalimu," alisema. "Panauma."