Kimya cha Nyumba ya Fundi Viatu

Kila asubuhi Kasuku alichemsha uji, akamnawisha mdogo wake uso, akamlisha, kisha akambeba hadi chumba cha mbele na kumweka ndani ya kasha la mbao lililokuwa kando ya meza ya baba yao. Baba alikuwa fundi viatu. Kasha hilo zamani lilikuwa la kuwekea soli. Sasa lilitandikwa blanketi kuukuu, na kuta zake zilimfika mtoto kifuani. Humo hakuweza kugusa misumari wala gundi. Kwa kweli, humo hakuweza kugusa kitu chochote.

"Nimekwenda shule, baba."

"Haya."

Mazungumzo ya asubuhi yalikuwa hayo tu.

Jina la Kasuku alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena. Lakini hata yeye hakumfikia mama. Mama alikuwa msusi. Aliongea na wateja aliokuwa akiwasuka, akaongea na sufuria jikoni, akaongea na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtoto huyo alipozaliwa, mama akamwita Mashavu, maana mashavu ndiyo yaliyotangulia kuonekana. Miezi minane baadaye mama aliugua, akalazwa siku tisa, akafariki.

Ilikuwa imepita mwaka mmoja na nusu. Baba alikuwa amefunga vitana vya mama kwenye mfuko na kuviweka juu ya kabati. Hakuna aliyekataza watu kuongea. Ila kila Kasuku alipofungua kinywa, baba aliinamisha kichwa au akatoka nje, na mwisho Kasuku akazoea kukifunga. Wakati wa kula, kilichosikika ni vijiko tu. Mashavu alilishwa kimya, akaogeshwa kimya, akalazwa kimya. Jioni, Kasuku alipokuwa akifanya kazi za shule, alimrudisha kwenye kasha. Mtoto hakulia. Alikaa akichezea uzi wa blanketi, akiwatazama.

Siku moja dereva wa lori alikuja kuchukua buti zake.

"Bado," baba alisema bila kuinua macho.

Dereva akainama juu ya kasha. "Vipi, bwana mdogo? Hujambo?" Mashavu alimkodolea macho tu. "Fundi, huyu ana umri gani?"

"Miaka miwili na miezi miwili."

"Na hasemi kitu? Wangu wa umri huo tunamwomba anyamaze ili sisi tupate zamu." Dereva alicheka, kisha alipoona hakuna anayecheka naye, akashusha sauti. "Mpeleke akaonwe, ndugu yangu. Nakwambia kwa wema."

Usiku huo baba hakumaliza chakula chake. Jumatatu alifunga chumba cha mbele, wakaenda kliniki wote watatu.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoshikwa na kamba shingoni. Kasuku alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mama yuko wapi leo?"

Baba alitazama sakafu. "Alifariki," Kasuku akajibu.

"Poleni sana," nesi alisema, akachukua kadi ya mtoto. Alimpima Mashavu uzito, akamwangalia mdomo na masikio. Alikunjakunja karatasi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mashavu akageuka mara moja. "Anasikia vizuri. Sasa niambieni, nyumbani nani anacheza naye? Nani anaongea naye?"

Baba alimtazama Kasuku. Kasuku akaona akilini kasha, na uzi wa blanketi, na mgongo wake mwenyewe ulioinamia daftari kila jioni.

"Mimi," akasema. "Kila siku nikitoka shule."

"Vizuri. Anapenda mchezo gani?"

"Wa kujificha."

Nesi alijifunika uso kwa kadi, kisha akachungulia ghafla. "Yuko wapi? Huyu hapa!" Mashavu hakucheka, wala hakushtuka. Hakujua anachotakiwa kufanya. Nesi alirudia mara mbili, akaiweka kadi mezani taratibu.

"Kama anachezewa na kuongeleshwa kila siku na bado yuko hivi," alimwambia baba, "basi nitawaandikia barua ya hospitali kubwa. Wakamwangalie kichwa. Huenda lipo tatizo ambalo mimi silioni."

Walitoka wakakaa kwenye benchi kusubiri barua. Baba alimpakata Mashavu. Alikuwa akimpapasa kichwa polepole, kama anayetafuta mahali kilipovunjika. Kasuku hakuwahi kumwona baba na uso ule tangu siku ya mazishi. Aliinuka, akabisha mlango, akaingia peke yake.

"Nesi, nilisema uongo. Hatuchezi naye. Tunamweka kwenye kasha. Mimi nasoma, baba anashona viatu, na hakuna anayesema naye kitu. Nyumbani kwetu hakuna anayeongea." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Kichwa chake hakina tatizo. Ni sisi."

Nesi hakumgombeza. Alivua miwani, akamvutia kiti.

"Umenisaidia sana kusema," alisema. "Daktari akipewa habari isiyo ya kweli, anatibu mtu asiyekuwepo. Na uongo wako umemtia baba yako hofu ya bure." Kisha akamwita baba ndani.

Aliwaeleza taratibu. Barua angeiandika, lakini wangeanza na nyumbani kwanza, na kila mwezi wangekuja aone. "Si lazima mtafute muda mpya, wala mnunue vitu. Mkimwogesha, mtajieni mkono, mguu, sikio. Mkikunja nguo, mwacheni atafute soksi ya pili. Mkichambua maharage, mpeni sufuria na kijiko apige. Akitoa sauti, mjibuni kama vile amesema jambo la maana. Na kasha hilo likapumzike."

Jioni ile Kasuku alimwogesha Mashavu kwenye beseni uani. Mwanzoni aliona haya, kama anayeongea na ukuta. "Huu mkono. Huu mkono mwingine." Ndipo akakumbuka mchezo aliokuwa akichezewa na mama: unaficha kidole ndani ya povu, unakiita, kidole kinakataa, unakiita tena kwa sauti ya kubembeleza, kinatoka na kugusa pua.

"Kidole, wee kidole! Njoo nyumbani, kumekucha!"

Mashavu alitazama povu. Kidole kikachomoka, kikamgusa pua. Akashtuka. Kisha akatoa kicheko kifupi, cha mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

"Kidole, wee kidole!"

"Nyamaza!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mashavu aliangua kilio. Kasuku aliganda na sabuni mkononi. Baba aliwatazama, kisha akageuka akaenda zake chumba cha mbele.

Kasuku alimfuta mtoto, akamvika shati, akajikaza kisabuni kumfuata baba. Alimkuta amekaa, kiatu kimoja cha mteja mapajani, nyundo iko chini.

"Baba, nesi alisema—"

"Nilimsikia nesi." Baba alikohoa. "Sauti yako, mwanangu. Imekuwa yake. Nilipokuwa ndani nikasikia, nikasema, amerudi. Nikakimbia." Alifunika macho kwa kiganja chenye gundi. "Nilidhani tukinyamaza huzuni itapungua."

"Imepungua?"

Baba alitikisa kichwa. Hakuwa amewahi kulia mbele ya watoto wake, na sasa alilia, mabega yakimtikisika. Kasuku hakujua afanye nini. Alisimama karibu naye na mtoto kiunoni. Mashavu aliacha kulia, akanyoosha mkono, akagusa uso wa baba uliolowa.

"Pua," Kasuku alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo ni pua ya baba."

Asubuhi iliyofuata baba alilivunja kasha akatengeneza nalo rafu. Misumari na gundi vikapanda juu. Chini alitandika mkeka, akampa Mashavu viatu visivyo na wenyewe, brashi laini na kopo tupu la kiwi ya viatu. Mwanzoni maneno yalimtoka baba kwa shida. "Hii soli." Akagonga misumari miwili. "Hiki kisigino." Lakini kufikia wiki ya tatu alikuwa akimweleza mtoto habari ya kila kiatu. "Huyu bwana anatembea kwa upande, unaona? Ameila soli yote ya kushoto. Tumpe ushauri?" Mashavu alisikiliza kwa makini, akavaa kiatu cha mtu mzima mkononi.

Jioni Kasuku alichambua maharage naye, akakunja nguo naye, akafagia naye, ingawa kufagia na Mashavu ilikuwa ni kufagia mara mbili. Siku nyingine alichoka. Siku nyingine ndugu yake alimtazama tu, hakutoa hata mlio, na Kasuku alilala na wazo kwamba wamechelewa mno. Mashavu hakurudisha jina hata moja kati ya yote aliyotajiwa.

Mwezi wa tatu dereva wa lori alirudi na viatu vingine, kisha baada ya siku mbili akaja kuvichukua.

"Fundi, tayari?"

Kabla baba hajajibu, sauti nene ikatoka chini ya meza: "Bado!"

Baba, dereva na Kasuku aliyekuwa mlangoni na mkoba wa shule waliangalia chini. Mashavu alikuwa amekaa juu ya mkeka, brashi mkononi, uso mkavu kabisa.

"Haa!" dereva alisema. "Kumbe umeajiri karani!" Alicheka hadi akashika meza. Baba naye alicheka, kisha kicheko kikakatika, na Kasuku akajua baba anamwaza nani, kwa sababu naye alikuwa anamwaza huyohuyo.

Wiki chache baadaye, kliniki, nesi aliandika kwenye kadi maneno sita ambayo Mashavu alikuwa akiyasema. "Bado yuko nyuma ya wenzake," alisema, "lakini sasa anasonga mbele. Msiache." Akafunga kadi, akamgeukia Kasuku. "Na wewe je, binti? Nyumbani nani anaongea na wewe?"

Kasuku alimtupia macho baba.

"Fundi," nesi alimwambia baba kwa upole, "mtoto hakui kwa chakula tu. Anakua kwa kuitwa, kujibiwa na kuchezewa, humo humo katika kuoga, kula na kufanya kazi. Mliliona hilo kwa huyu mdogo. Lakini hata mwenye miaka kumi na miwili bado ni mtoto, na huyu amekuwa mama wa nyumba bila kuulizwa."

Nje, baba hakuelekea barabarani. Alikaa kwenye benchi lilelile, akampakata Mashavu, akapiga kiganja mahali patupu kando yake.

"Keti, mwanangu. Mimi nilidhani mkishiba na mkilala pakavu, basi nimewalea. Nimekosea kwenu wote wawili." Akavuta pumzi. "Shuleni mnafanya nini siku hizi?"

"Tunachora ramani."

"Za nini?"

"Za mito." Kasuku alitazama viatu vyake. Kisha, bila kujua maneno yanatokea wapi, akasema, "Na siku ile tulikuwa tunachora ramani, baba. Siku mama alipofariki. Mwalimu mkuu akaja kuniita mlangoni. Niliacha penseli juu ya meza. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa wapi."

Watu walipita mbele yao na kadi zao mkononi. Baba hakuinamisha kichwa, wala hakuinuka. Alimshika mkono.

"Endelea," alisema. "Nakusikiliza."