Makofi ya Jumapili

Kila Jumapili, saa tisa alasiri, Mwalimu Sekela aliegemeza ubao ukutani sebuleni kwake. Alitoa chaki mkobani. Kisha alipanga viti kwa mistari, vyote vikitazama ubao.

Nyumba hiyo iko Mtambile, Pemba. Sekela na mumewe, Gwamaka, wamepanga hapo. Sekela anafundisha shule ya msingi. Gwamaka ni bwana mifugo, anatibu ng'ombe na mbuzi wa vijiji vya kusini. Wote wawili walitoka bara kwa ajili ya kazi. Wakristo wa eneo lile ni wachache na kanisa liko mbali, ndiyo maana Sekela alianzisha kikundi cha kujifunza Neno la Mungu. Walikuwa watu tisa.

Gwamaka hakuwa mtu wa ibada. Kwa miaka sita mkewe alimwombea aje walau mara moja. Siku alipokuja, alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mabuti yake yana tope. Sekela alifurahi mpaka chaki ikamkatikia mkononi.

Walisoma habari ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu.

"Kwa nini Petro alikataa kuoshwa?" Sekela aliuliza. "Anayejua anyooshe mkono. Akijibu, asimame."

Tabitha, mama aliyekuja kisiwani kuchuma karafuu, alitazama chini. Hakujua kusoma. Wiki iliyotangulia alisimamishwa, akakosa jibu mbele ya watu.

Gwamaka alisimama. "Mimi naona aliona haya. Miguu yake ilikuwa michafu."

Watu wawili walicheka.

"Si sahihi," alisema Sekela. "Umeongeza ya kwako. Kaa. Mwingine?"

Fundi cherehani alijibu kwamba Petro alimheshimu Bwana wake.

"Vizuri sana! Tumpigie makofi matatu."

Pa! Pa! Pa!

Gwamaka alikaa. Kikao kilipoisha, alitoka wa kwanza.

Jumapili iliyofuata aliwasha pikipiki mapema. "Kuna mbuzi wanaumwa kisiwani Makoongwe. Navuka."

Jumapili ya tatu alivuka tena.

"Mbuzi wa Makoongwe wanaumwa Jumapili tu?" Sekela aliuliza.

"Huko ukisema jambo, hakuna anayekupa alama," alijibu Gwamaka, akaondoka.

Tabitha naye hakuonekana. Askari mmoja wa kikundini alisema ana zamu. Watu tisa wakawa watano, kisha watatu. Jioni moja Sekela alikuwa anakung'uta mkeka uani. Bi Mwanapili, mwenye nyumba, alichungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, leo wamefaulu wangapi?"

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mie nasikia makofi kila wiki, nikadhani mna harusi isokwisha."

Sekela alicheka kwa adabu, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kesho yake alikwenda kwa Mama Eliwaza, muuguzi wa zahanati. Mama huyo alikuwa ameongoza vikundi vya namna hiyo kwa miaka mingi, kabla hajahamia Pemba.

Alimkuta akikunja nguo.

"Kikundi kinakufa, Mama. Najiandaa usiku na mchana. Majibu yote ninayo. Wao hawataki kujifunza."

"Majibu yote unayo?"

"Stashahada ya ualimu ninayo, Mama. Naijua kazi yangu."

"Najua. Darasani inakufaa sana. Sasa niambie, Jumapili wewe unauliza, wewe unajibu, wewe unasahihisha. Roho Mtakatifu unamwachia dakika ngapi?"

Sekela aliweka mkoba chini.

"Shika pembe ya shuka hili," alisema Mama Eliwaza. Wakakunja pamoja. "Mwalimu wa kikundi ni Mungu. Sisi wote tumekaa mkekani kwake, na wewe pia. Anzeni kwa kumwomba awafundishe. Mkimaliza kuomba, nyamazeni kidogo. Someni kwa sauti mara mbili, ili asiyejua kusoma naye alipate neno. Halafu muulize kila mmoja ni nini kimemgusa. Asiyetaka kusema aachwe."

"Na mtu akisema kosa? Nilinyamazie?"

"Hapana. Lakini usimwambie amekosa. Mwambie, 'Turudi tusome tena, tuone wote.' Maandiko yenyewe yatamsahihisha. Na siku nyingine yatakusahihisha wewe."

"Nikiulizwa nisilolijua?"

"Sema hujui. Utaona, hutakufa."

Jioni hiyo Gwamaka alikuwa bombani akisugua mabuti. Sekela alichuchumaa karibu yake.

"Nilikuvunjia heshima mbele za watu, baba. Nitakuomba radhi mbele za watu hao hao."

Gwamaka aliendelea kusugua. "Bila makofi?"

"Bila makofi."

Sekela aliwapitia wote nyumba kwa nyumba. Jumapili iliyofuata ubao ulibaki chumbani. Watu walikaa mkekani kwa duara, Sekela kati ya Tabitha na fundi. Aliomba radhi kwa Tabitha na kwa mumewe, kwa maneno machache. Kisha waliomba, wakanyamaza. Sekela aliona ukimya ule ni mrefu kama mtihani, lakini aliuacha.

Walisoma habari ile ile, mara mbili.

Gwamaka alikohoa. "Mwaka jana nilikatwa na bati mguuni, kwenye zizi la Mzee Mmanga. Mzee alileta maji akaanza kuniosha. Nikavuta mguu. Mimi ndiye bwana mifugo, nimekuja kumsaidia yeye, halafu ananishika miguu? Niliona haya." Aligusa kovu mguuni. "Kuosha mtu ni kazi. Lakini kukubali kuoshwa, mimi nimeona ni kazi zaidi."

Ulimi ulimwasha Sekela. Alitaka kusema kwamba Maandiko hayakumtaja Mzee Mmanga. Aliubana.

Tabitha aliinua uso. "Mimi pia nilivuta mguu," alisema polepole. "Nilipokosa jibu, nikakimbia. Leo nimerudi."

"Je, Petro alikuwa na haya kweli?" aliuliza fundi.

Wote walimtazama Sekela.

"Sijui," alisema. "Turudi tusome tena."

Kikundi hicho sasa kina watu kumi na mmoja. Tabitha anajifunza kusoma kwa Mama Eliwaza, na mistari mitatu ameshaisoma mwenyewe.

Jumapili iliyopita, saa tisa kasoro, simu ya Gwamaka iliita. Sekela alimsikia akijibu mlangoni.

"Mbuzi wa Makoongwe? Anakula? Basi angoje mpaka saa kumi na moja. Sasa hivi nina darasa."

Akavua mabuti, akaingia.