Gasketi Isiyoungua

Gari la mkunga lilirudishwa gereji Jumanne asubuhi, likivutwa kwa kamba, na kabla halijasimama vizuri, fundi wake, Taratibu, alikwisha jua tatizo. Maji yalichuruzika ubavuni mwa injini, pale hedi, kichwa cha injini, inapokutana na bloku, na gasketi kuziba katikati. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepauka na kuumuka kama chai ya maziwa iliyolala. Gasketi ya tatu hiyo kuharibika, gari lile lile, mikono ile ile.

Mkunga alishuka na mkoba wake wa kazi. Hakufoka. Alieleza tu kwamba safari hii lilizimika akiwa na mzazi nyuma, ikabidi mama wa watu asukumwe hadi hospitali kwa mkokoteni, na kwamba Mungu alisaidia, mtoto mzima.

"Mwanangu, mimi nakupenda," alisema. "Lakini likiungua tena nitalipeleka kwingine. Na watu wataniuliza kwa nini."

Taratibu, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na mtu kazini, aliitazama hedi. Jina lililokuwa karibu kupotea halikuwa lake. Lilikuwa la baba yake, Mzee Spana, aliyeijenga gereji ile, na ambaye tangu macho yake yaingie ukungu alishinda mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Familia ilikubaliana asiguse kazi tena, asije akajiumiza. Mzee mwenyewe hakukubali wala kukataa.

"Imeungua tena?" aliuliza mzee.

"Tutaona, Baba."

Taratibu aliinama chini ya kiti cha mzee, akaokota kopo la oili la mdomo mrefu, akalirudisha kwenye msumari wake ukutani.

Aliyeshukiwa kwanza ni dereva, mpwa wa mkunga, ambaye mtaa mzima ulimwita Mbio. Gasketi ikiungua kuna aliyeleta moto, na Mbio alikuwa na sifa ya kuchemsha magari. Taratibu alimkalisha kwenye tairi kuukuu akamuuliza mshale wa joto ulikuwa wapi gari lilipozimika.

"Katikati, dada fundi. Haukupanda." Alijifuta uso. "Kila kitu mimi. Mvua isiponyesha mtasema Mbio kaichemsha."

"Ulikwenda mwendo gani?"

"Muulize yule mzazi. Alinitukana njia nzima kwamba naendesha kama nabeba mayai."

Mkunga alithibitisha matusi yale, mengine hakutaka kuyarudia.

Mchana Taratibu aliifungua injini, akaipeleka gasketi iliyoharibika kwa muuza spea, mtuhumiwa wa pili, ambaye mafundi walinong'ona kwamba huchanganya bandia na halisi. Muuza spea hakubishana. Alishusha boksi, akalifungua mbele yake, akalaza mpya juu ya meza kando ya ile ya zamani. Zilifanana hadi kwenye mhuri. Zilifanana kupita kiasi, na hapo ndipo Taratibu alipoinama. Gasketi iliyokwisha fungwa hubanwa ikawa nyembamba. Hii ilikuwa nene karibu kama ile ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi, na pete zake za chuma hazikuwa na weusi wa moto hata kidogo.

"Hii umeifunga," aliuliza muuza spea, "au uliilaza tu ikapumzike?"

Njiani Taratibu aliligeuza neno lile kichwani. Kuungua. Mafundi wote husema gasketi imeungua, na kwa kuwa wanasema hivyo, wote humtafuta mwenye moto. Hii haikuungua. Ilivuja, kwa sababu haikubanwa. Lakini spana yake ya kupimia mkazo ililia tik kwenye kila bolti, baba yake mlangoni akiisikia na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Spana ilisema imekaza. Gasketi ilisema imelegea. Mmoja wao alikuwa mwongo.

Aliichukua bolti moja akaizungusha kwa mkono kwenye tundu lake ndani ya bloku, bila hedi. Ilipaswa kuzama hadi chini. Ilifika nusu ikagoma. Alipoitoa, ilitoka ikichuruzika oili.

Basi si spana wala gasketi. Matundu yale yamezibwa chini kama vikombe. Yakijaa oili, bolti haina pa kwenda. Inagota kwenye oili, spana inalia tik, na hedi haijabanwa. Lakini oili ile ilitoka wapi? Yeye huyasafisha matundu kila mara kabla ya kwenda kula, kisha akirudi hupaka bolti oili kidogo tu kwenye meno, kama alivyofundishwa.

Jumatano aliyakausha matundu yote kwa upepo wa kompresa, akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kula, akasimama nyuma ya pazia la stoo.

Mzee Spana alisikiliza mpaka hatua zikaisha. Aliinuka, akapapasa ukuta hadi kwenye msumari, akashusha kopo. Kwenye injini alitafuta tundu la kwanza kwa kidole, akakiacha kidole mdomoni mwa tundu, akamimina polepole mpaka kikalowa. Kisha la pili. Alikuwa akinong'ona, kama mtu anayelisha mtoto. Taratibu alishika pazia kwa nguvu, wala hakutoka.

Alhamisi asubuhi walikuja wote: mkunga, Mbio, na muuza spea aliyetaka jina lake lisafishwe hadharani.

"Haya," alisema Mbio. "Mhalifu ni nani?"

Usiku Taratibu alikuwa amejiandalia uongo. "Ni mimi. Sikuyaangalia matundu ya bolti."

"Yalikuwa na nini?" aliuliza Mzee Spana kutoka mlangoni.

Hapo uongo ulimkwama. "Oili, Baba."

"Nyingi?"

"Yalijaa."

Mzee alikitazama kidole chake, ingawa hakukiona. Mbio akaacha kutabasamu.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Zamani nilikuwa natia tone moja, kwa jicho, bolti isishike kutu. Sasa jicho hakuna, nikawa namimina mpaka nisikie kwa kidole." Sauti ilipungua. "Nilitaka kuwe na kitu katika gari hili nilichokifanya mimi. Kazi imeniacha, ila mikono haijaambiwa."

Muuza spea alijikuta anachunguza sakafu. Ni mkunga aliyekwenda kuchuchumaa mbele ya kiti.

"Mimi kazi yangu yote ni kupapasa, mzee mwenzangu," alisema. "Kidole chako hakikudanganya. Ulikiuliza swali silo."

Taratibu alichana kitambaa cheupe, akakizungushia ncha ya waya, akamwekea baba yake mkononi.

"Basi kiulize jingine, Baba. Kila tundu, niambie limekauka au bado. Sitafunga bolti mpaka useme."

Mzee aliingiza waya, akautoa, akakisugua kitambaa kati ya vidole.

"Kavu." La pili akalirudia mara mbili. "Hili bado."

Taratibu alikausha tena. Wote walisubiri, hata Mbio.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja honi ilipigwa nje ya gereji, na Taratibu akatoka mbio, akiitafuta kamba kwa macho. Gari la mkunga lilikuwa zima. Lilikuja kwa matairi yake, halina kamba, na mkunga alisema hana shida yoyote, alitaka tu mzee alisikilize. Mbio alifungua boneti. Mzee Spana aliweka kiganja juu ya kifuniko cha hedi, akakiacha pale muda mrefu, injini ikinguruma chini yake.

"Halijaungua," alisema.

"Halikuwahi kuungua, Baba," alisema Taratibu, na kwenda kumletea kiti.