Mtoto Asiye na Namba

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na Fundi Makasha alikuwa kwenye kazi yake ya kila siku: kupima, kukata sponji, kulaza sanamu, kukaza skrubu. Kwa miaka ishirini katika stoo ya makumbusho hakuwahi kufunga kitu cha mbao bila kukigonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Ndivyo alivyojua kama ni kizima au kimeliwa na mchwa.

Leo ilikuwa zamu ya sanamu ya mama. Iliporwa zamani, na sasa wenyewe wamekuja kuichukua. Lori lilikuwa linasubiri uani. Mikono ya yule mama ilielekea nyuma, imeshikilia mgongo mtupu.

Fundi alijua kwa nini ni mtupu.

Pale stooni, kisicho na namba hakipo. Na yule mtoto wa mbao aliyemwokota sakafuni miaka minne iliyopita hakuwa na namba. Alimficha ndani ya koti, akampelekea binti yake awe mwanasesere. Kuchukua cha wizi si wizi, alijiambia. Mwizi hakosi sababu.

Simu ikaita. Mkewe.

"Njoo upesi. Mtoto anachemka... Anasema kuna mama anamwita."

Akaitazama sanamu. Alikuwa ameilaza ndani ya kasha ikitazama dari.

Sasa ilikuwa inamtazama yeye.

Alikimbia hadi nyumbani, mtaa wa pili tu. Binti alikuwa amejikunja kitandani na mwanasesere kifuani, mwili moto kama pasi.

"Nipe huyo, mwanangu. Arudi kwao."

"Baba..." alinong'ona. "Usinipeleke."

Ni homa tu hiyo, fundi alijisemea. Akamchomoa mwanasesere mikononi mwake, akatoka mbio.

Stooni kulikuwa kunanukia maziwa ya mama. Akaigeuza sanamu, akampachika mtoto mgongoni mwake, akakaa barabara. Kwa mazoea, fundi akamgonga.

Kimya.

Akagonga tena. Pakabonyea chini ya kidole. Palikuwa na joto.

"Fundi, bado?" Bibi mmoja wa wale wenyewe alikuwa amesimama mlangoni. "Tunataka kuondoka kabla ya giza."

Angesema. Lakini angeulizwa mtoto alikuwa wapi miaka yote hiyo. Aibu ikaishinda hofu.

"Tayari, bibi."

Alipokaza skrubu ya mwisho, ndani ya kasha mtu alishusha pumzi. Lori likaondoka.

Mkewe alimpokea mlangoni akicheka na kufuta machozi. "Homa imekwisha, baba! Ametulia, hata maji hataki."

Binti alikuwa amekaa kitandani, macho wazi. Fundi akamkumbatia kwa nguvu, akamshukuru Mungu, akampigapiga mgongoni.

Ko.

Ko.